Njano ya Mzee Ngailo

Usingizi wa mchana hauna adabu, haupigi hodi. Unamkuta Nakundwa amekaa wima kwenye kiti cha ofisi, saa nane kasoro robo, mkono juu ya kipanya, na chai aliyoimimina saa nne imepoa hadi kuvaa utando. Mbele yake kompyuta ina majedwali mawili, ubavu kwa ubavu. La kushoto ni la zamani, la kulia ni lake. Yote yanatakiwa kusema jambo moja: mji wa Lugendo una mitaa arobaini na mmoja, chanzo cha maji ni kimoja tu kule mlimani, hakitoshi, kwa hiyo kila mtaa una siku yake na saa zake za mgao. Mitaa imepangwa kwa mistari, siku kwa safu. Kila asubuhi ratiba ya siku hiyo inachapwa kwenye karatasi, fundi anaichukua pamoja na ufunguo wake mrefu wa chuma, anazunguka mji mzima akifungua koki na kufunga. Hivyo tu. Kazi safi, ungedhani, isiyo na ugomvi na mtu.

La zamani alilitengeneza marehemu Mzee Ngailo kwa miaka kumi na tisa, peke yake, na ukilitazama utasema ni koti la mkulima, kiraka juu ya kiraka. Lina safu zilizofichwa, lina jumla zisizojumlisha kitu, halafu lina njano. Visanduku vya njano vimetapakaa ovyo, leo mtaa wa tisa, wiki ijayo wa thelathini, siku tatu mfululizo kisha basi, na kila penye njano mtaa unapata saa nne za ziada. Saa hizo zimekatwa kwa mkono kutoka mstari wa kwanza, yaani ofisi na nyumba za watumishi. Nakundwa kahamishiwa hapa kutoka Same miezi mitatu iliyopita, kaitafuta sababu ya njano hadi kichwa kikamuuma, hakuiona. Akasema ni makosa ya uzee. Akaunda jedwali lake jeupe, kila mtaa saa sita kwa wiki, hakuna wa kupendelewa, na tangu mwezi wake wa pili hapa mgao unachapwa kutoka humo. Meneja kalifurahia, kaagiza leo ikifika saa tisa la zamani lifutwe kabisa, maana watumishi hawawezi kuwa na mabwana wawili. Kufuta ni kazi ya kidole kimoja. Kinachomzuia ni neno. Mzee Ngailo alipolala kitandani hoi, alituma salamu: mwambieni huyo binti aje nyumbani, ile njano haiandikiki, inasemwa. Nakundwa akajibu atakwenda Jumamosi. Mzee akafa Alhamisi. Linamuuma hilo, na anajua linamuuma, ila kalifunika na kazi kama watu wanavyofunika moto na majivu.

Na upweke, usiseme. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo watu, lakini Lugendo hakuna aliyepona kwa kuja kwake. Akiingia dukani wanawake wanashusha sauti. Kazini anakula peke yake, nyumbani peke yake, na jioni za mgao mwenzake ni tangi la nje linalofurika na kumwagikia kwenye matofali, chururu, chururu, hadi analala. Hata siku ya mazishi ya Mzee Ngailo benchi aliloketi lilibaki na nafasi ya watu watatu, nao watu wamesimama. Anayemwongelesha ni mmoja tu, Lutengano, fundi wa koki. Huyo kila asubuhi akishapokea karatasi husimama mlangoni na kutoa habari za mji. Dada, kwa kina Mbilinyi kuna msiba. Nakundwa hujibu, jamani, poleni sana, Mungu awape nguvu. Lutengano hubaki pale kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, kisha huenda zake. Nakundwa huona huo ndio upole pekee aliobakiziwa katika mji huu, na huungoja.

Basi anafumba macho kidogo, apumzishe shingo tu, na ule mstari mweusi unaotenga jedwali na jedwali unaanza kupanuka. Unapanuka hadi unakuwa barabara, naye yuko juu yake amesimama, viatu mkononi, sijui kavivua saa ngapi. Kushoto kuna mji, kulia kuna mji, na miji hiyo inatazamana kama mtu na kioo chake. Wa kushoto nyumba zimepinda, mabati yana kutu, mbwa wanapita, mtu anakohoa mahali fulani. Wa kulia nyumba zote ni sawa, milango yote ni sawa, mbele ya kila mlango kuna bomba linalong'aa, na hakuna mtu. Hakuna hata kandambili iliyovuliwa. Barabara haina mwisho. Kila baada ya hatua mia kuna kigingi chenye namba, moja, mbili, tatu, inafika arobaini na moja, kisha inaanza tena moja, na Nakundwa anatembea, anaipita arobaini na moja, anarudi moja, anaipita tena, hachoki wala hafiki. Anajiambia, hii ni ndoto. Halafu anajiambia, na kama ni ndoto mbona miguu ina baridi hivi?

Kwenye kigingi cha kwanza, safari hii, kuna mtu. Kavaa koti la mvua na buti, begani ana ufunguo wa koki, na hana uso. Mahali pa uso ni laini kama kitako cha sufuria mpya. Nakundwa anataka kukimbia, miguu inakataa. Wewe nani? anauliza. Mimi ni mwenyeji wako, anajibu asiye na uso. Mbona huna uso? Kwenye jedwali lako kuna safu ya nyuso? Kweli haipo. Yule mtu anaanza kutembea, naye anamfuata, kwa kuwa kumfuata mtu asiye na uso ni afadhali kuliko kubaki peke yako kwenye barabara ile. Ninyi mnaotembea na wenzenu mnaweza kucheka. Wanatembea mpaka kigingi cha tisa, mwenyeji anasimama. Kitendawili, anasema. Nakundwa, kama mtoto aliyekaa jikoni kwa bibi yake, anajikuta anajibu, tega. Mwenyeji anatega: nina mgeni, akifika kwako huna budi kumwogesha na kuwapikia watu wake, naye hali wala hasemi asante.

Nakundwa anafikiri. Anatoka Upareni, vitendawili kavila na kavinywa, hiki hakijui. Mkaguzi wa kutoka wizarani, anajaribu. Mwenyeji anacheka bila mdomo, kicheko kinatokea kwenye koti. Hujapata. Nipe mji. Hiyo ndiyo sheria, na Nakundwa anaijua, aliyeshindwa kutegua anatoa mji. Utotoni alikuwa anatoa Tanga, anatoa Moshi, anatoa miji asiyoijua, na yote ilikuwa maneno. Chukua Tanga, anasema. Mwenyeji anatikisa kichwa. Toa ulichonacho. Una mitaa arobaini na mmoja. Basi chukua huu, anasema Nakundwa, huu wa tisa, na hajamaliza kusema mtaa wa tisa upande wa kushoto unaanza kuwa mweupe, kuanzia kwenye paa, ukishuka ukutani. Na kabla haujaisha wote anaona kilichomo. Kuna turubai uani. Kuna watu wamekaa chini yake kwenye viti vya kukodi, masufuria makubwa yamepinduliwa, na akinamama wanapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, matope hadi magotini, mmoja mzee kabisa, anapumzika kila hatua tano. Mtu anauliza chini ya turubai, tumwogeshe na nini? Hapo Nakundwa anasikia sauti ikitoka ukutani, kwenye bomba kavu, sauti yake mwenyewe, tamu, ya kistaarabu: jamani, poleni sana, Mungu awape nguvu. Kisha nyeupe inameza bomba.

Kigingi cha kumi na saba. Kitendawili. Tega. Ni kile kile. Nina mgeni, akifika kwako huna budi kumwogesha na kuwapikia watu wake, naye hali wala hasemi asante. Kuna kitu kinamjia Nakundwa, na hataki kije. Mtoto mchanga, anasema haraka. Mtoto mchanga hula, anasema mwenyeji, nipe mji. Na mtaa wa kumi na saba unakwenda, na turubai lake, na ndoo zake, na kutoka kwenye bomba sauti ile ile inasema, jamani, poleni sana. Kigingi cha ishirini na sita. Bwana harusi, anasema, akijua si kweli. Nipe mji. Anatoa. Kigingi cha thelathini. Anatoa. Safari hii hasubiri hata kuulizwa, anatoa tu, kama mtu anayetupa vyombo ili asivioshe. Wa kushoto unazidi kuwa mweupe na wa kulia unazidi kung'aa, na katika huo wa kulia, kwenye mstari wa kwanza, kuna nyumba moja anayoijua. Ni yake. Tangi linafurika juu ya matofali, chururu, chururu, maji ya saa nne za hawa na saa nne za wale, yanapita mlangoni kwake na kupotelea kwenye majani. Nakundwa anasimama anayatazama. Miezi mitatu kayasikiliza kila jioni ya mgao akidhani yanambembeleza.

Sasa amebakiwa na mtaa mmoja wenye turubai. Kigingi cha arobaini na moja hakina haraka ya kufika, lakini kinafika. Upande wa kushoto kuna nyumba ya tofali za kuchoma, mlango wa bluu, anaifahamu, alikaa pale kwenye benchi lenye nafasi ya watu watatu. Turubai bado lipo. Chini yake watu wamegeuza migongo. Mwenyeji anautua ufunguo wake, unagonga chini kwa kishindo, na kwa mara ya kwanza anazungumza polepole, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Mwenye nyumba hii alipeleka maji kwenye kila msiba wa mji huu miaka kumi na tisa. Wa kwake ukakauka. Wanawe waliteka bondeni. Nakundwa anaweka mikono masikioni. Nilikuwa sijui, anasema, na sauti inamtoka ya kulia. Hakuna aliyeniambia! Hakuna? anauliza mwenyeji. Nakundwa anafungua mdomo aseme hakuna, na mlangoni pa nyumba ya bluu anamwona Lutengano, au kivuli chake, amesimama na karatasi mkononi. Dada, kwa kina Mbilinyi kuna msiba. Anasimama kidogo. Dada, kule Madukani kuna msiba. Anasimama kidogo. Dada, Mzee Ngailo ametutoka usiku. Anasimama, anasimama muda mrefu siku hiyo, mvua inamnyeshea mgongoni, anakitazama kidole cha Nakundwa kilicho juu ya kipanya, anangoja. Ndivyo ilivyokuwa ikifanywa enzi za Mzee. Fundi anatoa habari mlangoni, mwenye jedwali anapaka njano, karatasi inachapwa upya, msiba unapata maji siku tatu hadi matanga yaanuliwe. Hakuna aliyeomba, maana maji ya msiba hayaombwi. Hakuna aliyeshukuru, maana mji mzima uliamini ni sheria ya serikali. Na yule binti mgeni kila siku alitoa pole.

Kitendawili, anasema mwenyeji. Nakundwa hajibu tega. Anajibu jibu lenyewe: maiti. Ni maiti. Umepata, anasema mwenyeji, na hakuna furaha ndani yake, kisha anaushika ufunguo wa chuma na kumkabidhi. Ni mzito kuliko alivyodhani. Sasa nifanye nini? Nilitupe jedwali langu nirudie lake? Lake limeoza, na mimi siwezi kuyashika kichwani yote aliyoyashika. Fanya utakavyo, anasema mwenyeji, ila ujue hili. Mimi sikuandika, nikafa, ikafa na mimi. Wewe ukiandika, kesho meneja atasoma, ataona saa zake za maji zinakwenda kwa marehemu, ataweka mstari juu yake. Hicho nacho ni kitendawili? Hapana, mwanangu, hicho si kitendawili. Hapo Nakundwa anamtambua, anataka kumshika mkono, anataka kusema, Mzee, nilikuwa nije Jumamosi, nilikuwa nije kweli. Lakini mkono anaoushika ni koti tupu la mvua. Koki iko chini pale, ndani ya kishimo chenye mfuniko, anapiga magoti, anaingiza ufunguo, anasukuma kwa nguvu zote za mabega. Haizunguki. Nyeupe imeshafika kwenye paa la nyumba ya bluu, inashuka ukutani, inashuka kwenye mlango, anasukuma, kitu ndani ya chuma kinalia, kinaanza kulegea.

Dada.

Nakundwa anainua kichwa. Shavu lina alama ya vitufe vya kompyuta. Saa ya ukutani inasema saa nane na nusu, chai ipo na utando wake, majedwali yapo, kushoto na kulia, na mlangoni kuna mtu kasimama, mwanga wa mchana uko nyuma yake, koti la mvua, buti, ufunguo begani. Uso hauonekani. Kwa mwanga ule hata wako usingeonekana. Dada, anasema mtu wa mlangoni, samahani nimekuamsha. Kwa marehemu Mzee Ngailo kesho wanajengea kaburi. Wanachanganya zege. Kisha anasimama kidogo.

Ile pole imeshafika ulimini. Anaimeza. Lutengano, anasema, ni wewe? Ni mimi, dada, nani mwingine. Kwa nini hukuniambia? Lutengano anahamisha ufunguo kutoka bega hili kwenda lile. Nilikuwa nakwambia kila siku, anasema. Mimi nafungua karatasi inavyosema. Karatasi ilipoacha kusema, watu walidhani ni amri mpya. Wengine walidhani ndivyo ulivyo. Na wewe ulidhani nini? Mimi niliendelea kukwambia, anasema Lutengano. Nakundwa anapangusa macho kwa kiganja, bila kujificha. Jina langu unalijua? anauliza, maana yule wa ndotoni hakumwita jina hata mara moja, na sasa anatafuta pa kujishikiza. Lutengano anafikiri. Hujawahi kutuambia, dada. Tunakuita wa mgao. Naitwa Nakundwa. Basi, Nakundwa, anasema, kama mtu anayejaribu kiatu, na bado uso wake uko gizani mwa mwanga ule, na hilo halithibitishi chochote.

Anavuta kipanya. Anaanza na la kulia, la kwake, jeupe. Hatalirudisha la mzee lilivyo, halimudu, na hatalifuta, akome meneja na saa tisa yake. Anateremka hadi mstari wa arobaini na moja, kisanduku cha kesho, anapaka njano. Inaonekana mbaya pale katikati ya weupe wote, kama tone la mchuzi kwenye shuka. Anaongeza saa nne. Anapanda hadi mstari wa kwanza, nyumba za watumishi, yake imo, ya meneja imo, anakata saa nne. Halafu juu kabisa anafungua safu mpya, na vidole vinasita. Lisilo na jina hakuna wa kulifuta. Lisilo na jina pia hufa Alhamisi moja, kabla ya Jumamosi. Anaandika kwa herufi kubwa, MSIBA, na chini yake, maji siku tatu, haki ya mji, na chini yake tena anaandika jina la Ngailo na jina lake mwenyewe, ili atakayetaka kufuta ajue anamfuta nani.

Simu ya mezani inaanza kulia, ni meneja, saa tisa inakaribia. Anaiacha ilie, anachapa ratiba ya kesho. Mashine inatema karatasi, ina joto, na Lutengano kwa mara ya kwanza anauvuka mlango, anaingia ndani kuipokea. Anaisoma akiwa amesimama. Kidole chake kinashuka hadi mstari wa mwisho na kutulia pale. Nakundwa anautazama ule mkono kwa sababu anaogopa kutazama juu, anaogopa ataona kitako cha sufuria, na miguu yake chini ya meza haina viatu, na ina baridi. Basi na iwe. Kama hii nayo ni ndoto, asiamshwe mtu mpaka maji yafike kwa Mzee Ngailo.